Ketosisi na Siku za Kujaza Wanga: Namna ya Kuendesha Mlo wa Keto wa Mzunguko

Mlo wa keto wa mzunguko ni ule ambao mtu hula wanga kidogo sana kwa siku tano au sita, kisha akala wanga kwa wingi kwa siku moja au mbili, na kuanza upya. Ulienezwa katika miaka ya 1990 na wanyanyua vyuma wa Amerika Kaskazini waliotaka kupunguza mafuta bila kupoteza nguvu za mazoezi. Asili hiyo ni muhimu, kwa sababu siku za kujaza ziliwekwa kwa ajili ya misuli iliyochoshwa na kazi ngumu, na mtu asiyefanya mazoezi mazito hana pengo la kujaza. Huyo, kwa maoni yangu, akitaka keto na abaki katika keto ya kawaida, isiyo na siku za kujaza.

Mwili huhifadhi wanga kwa umbo la glikojeni, gramu 100 hivi katika ini na gramu 300 hadi 500 katika misuli ya mtu mzima, na kila gramu ya glikojeni hukaa pamoja na maji ya gramu tatu hivi. Glikojeni ya ini ndiyo hutoa sukari kwenye damu kati ya mlo na mlo, ilhali ile ya misuli hutumiwa na msuli wenyewe wala haitoki humo kwenda kusaidia kwingine. Ini huishiwa na akiba yake baada ya siku moja hivi bila wanga, lakini msuli uliopumzika unaweza kubaki na sehemu kubwa ya akiba yake hata baada ya wiki nzima bila ugali. Tofauti hiyo itarejea tutakapofika kwenye mazoezi.

Wanga ukipungua, kongosho hutoa insulini kidogo na glukagoni (homoni inayofanya kazi kinyume cha insulini) zaidi, tishu za mafuta huachilia asidi za mafuta, nazo hufika katika ini kwa wingi unaopita kiasi ambacho ini linaweza kukitumia. Ziada hiyo hugeuzwa kuwa ketoni, yaani asetoasetati, beta-hidroksibutirati na asetoni, na hiyo ya mwisho ndiyo humpa mtu ile harufu ya ajabu kinywani. Ubongo hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku na hauna njia ya kutegemea asidi za mafuta, kwa hiyo hupokea ketoni kwa sehemu ya mahitaji yake, huku ini likitengeneza glukosi iliyobaki kutokana na amino asidi, gliseroli na lakteti. Watu wengi wanaokula chini ya gramu 50 za wanga kwa siku huingia katika hali hiyo, yaani ketosisi, baada ya siku mbili hadi nne. Ketosisi ya lishe huhesabiwa kuanzia milimoli 0.5 za beta-hidroksibutirati katika lita moja ya damu, na mara nyingi haipiti 3.

Isichanganywe na ketoasidosisi, ambayo hutokea insulini inapokosekana, ketoni zikapanda mno na damu ikawa na asidi ya kuhatarisha maisha. Kwa sababu hiyo mwenye kisukari cha aina ya kwanza, anayejidunga insulini, au anayemeza dawa za kisukari, hasa zile zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, asianze mlo huu bila daktari wake. Vivyo hivyo mjamzito, anayenyonyesha, mwenye maradhi ya figo, ini au kongosho, na yeyote aliyewahi kusumbuliwa na kujinyima chakula au kula kupita kiasi, kwa kuwa mtindo huu wa kufunga mlango na kuufungua ghafla unaweza kuamsha tatizo hilo.

Anza na majuma mawili au matatu ya keto ya kawaida kabla ya mzunguko wa kwanza, ili mwili uzoee kutumia mafuta. Pima chakula kwa mizani, kwani macho hudanganya: gramu 250 za wali mweupe zina takriban gramu 70 za wanga, kiasi ambacho tayari kimevuka kikomo cha siku nzima cha gramu 50, na ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 27 hivi. Mlo wa siku hizo utokane na mayai, samaki, kuku, nyama, mchicha, matembele, kabichi, bamia, parachichi na tui la nazi. Insulini ikishuka figo hutoa chumvi na maji zaidi, na ndiyo sababu ya kichwa kuuma na miguu kulegea katika siku za kwanza. Bakuli la supu yenye chumvi husaidia, isipokuwa kwa mtu aliyekatazwa chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu.

Sasa mazoezi. Mkesha wa siku ya kujaza (tuseme ni Jumamosi), au asubuhi yake, fanya zoezi la mwili mzima lenye uzito wa wastani na marudio mengi, kumi na tano hadi ishirini kwa seti, ukigusa miguu, mgongo, kifua, mabega na mikono. Msuli uliofanyishwa kazi hufungua njia za kuingiza glukosi na kuamsha kimeng'enya cha kuunda glikojeni, lakini hilo hutokea katika msuli uliofanya kazi tu. Aliyefanyia mazoezi mikono peke yake asitarajie mapaja yake yapokee wali wa Jumamosi.

Hesabu ya kujaza hutokana na uzito wa mwili bila mafuta. Mtu wa kilo 70 mwenye mafuta asilimia 20 ana kilo 56 zisizo za mafuta. Wanyanyua vyuma waliozoea hula gramu 8 hadi 10 za wanga kwa kila kilo hizo katika saa 24 za kwanza, yaani gramu 448 au zaidi kwa mtu wetu, ambazo ni zaidi ya nusu kilo ya mchele mkavu. Kwa anayeanza, gramu 5 kwa kilo zinatosha: gramu 280, au mchele mkavu wa gramu 350 uliogawanywa katika milo minne au mitano. Tumia wali, viazi vitamu, mihogo, ndizi za kupika au ugali. Matunda na asali yawe kidogo, kwani fruktosi, sukari iliyomo humo, hujaza ini zaidi kuliko misuli, na ini likijaa ketosisi huchelewa kurudi.

Protini ibaki kama ilivyokuwa, bali mafuta yapunguzwe sana siku hiyo, maana insulini ikiwa juu mwili huacha kuchoma mafuta na yale yanayoliwa huenda moja kwa moja kwenye akiba. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Jumamosi ni siku ya harusi, na pilau, maandazi na chipsi ni wanga uliopikwa kwa mafuta mengi. Ukijua una mwaliko, hamishia siku ya kujaza kwingine.

Asubuhi inayofuata mizani itaonyesha ongezeko la kilo moja au mbili. Gramu 400 za glikojeni pamoja na maji yake hufika kilo 1.6, kwa hiyo uzito huo si mafuta, na kupungua kwake kufikia Jumatano nako si ushindi wowote. Linganisha uzito wa asubuhi ya siku ya kujaza wiki hii na ule wa wiki iliyopita, basi.

Usidhani kwamba mzunguko huu umethibitishwa kuwa bora kuliko njia nyingine za kupunguza uzito. Katika jaribio la majuma manane lililofanywa Prague na kuchapishwa mwaka 2020, vijana 25 wa kiume waligawanywa kati ya mlo huu na mlo wa kawaida uliopunguzwa kalori. Makundi yote mawili yalipunguza mafuta, lakini waliokuwa kwenye mzunguko walipoteza pia maji na uzito usio wa mafuta, na nguvu zao hazikuongezeka kama za wenzao.

Kurudi katika ketosisi, acha wanga jioni ya siku ya mwisho ya kujaza, kisha asubuhi tembea haraka kwa saa moja kabla ya kula, au fanya mazoezi mazito, ili ini na misuli vipunguze akiba. Karatasi za mkojo hupima asetoasetati na usomaji wake hufifia kadiri mwili unavyozoea. Kipimo cha damu ni sahihi zaidi. Ikiwa ulijaza Jumamosi na hadi Jumatano damu bado iko chini ya 0.5, siku ya kujaza ijayo punguza wanga kwa robo, na uendelee kupunguza hadi ketosisi irudi ndani ya siku mbili.