Kabla ya kulipia chumba Jambiani, tazama mwezi

Jamaa zangu wa bara wakitaka kuja Jambiani huniuliza nauli ya boti na kama mvua imekata. Tarehe ya mwezi hawaulizi, na huku mashariki ya Unguja mwezi ndio unaokupangia siku.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua. Saa nne au saa tano asubuhi maji yametoka mpaka karibu na mwamba wa matumbawe, kule nje mbali na pwani. Saa kumi jioni yamerudi chini ya minazi. Siku hizo asubuhi sahau kuogelea, vaa viatu vya mpira ukatembee. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayatoki sana, hayajai sana, na asubuhi yapo. Wenye watoto wadogo nawaambia waje wakati huo. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukiyajua ya leo, ya kesho unayapiga hesabu mwenyewe.

Kule nje kuna adabu yake. Ukiona vijiti na kamba zenye mwani, hilo ni shamba la mtu, zunguka. Kina mama wako kazini: salamu kwanza, picha kwa ruhusa. Angalia unapokanyaga, vile vidude vyeusi vya miiba mirefu havina mzaha. Na maji yakianza kujaa, geuka saa hiyohiyo. Hayaji yote kutoka mbele; hujaza kwanza mabonde ya chini, ukashtukia yako nyuma yako, baina yako na pwani. Fuatana na mwenyeji.

Ukirudi kijijini jifunge khanga au vaa shati. Hapa watu wanaishi.

Asiyetaka hesabu zote hizi aende Nungwi au Kendwa, kaskazini ya Unguja, anaogelea karibu saa yoyote. Muziki wa usiku avumilie mwenyewe. Masika, Machi hadi Mei, vyumba hushuka bei na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Kusi likivuma, Juni hadi Septemba, Paje, jirani yetu, ni ya watu wa kaiti, wale wanaoteleza majini wakivutwa na tiara.

Mimi ukiniuliza, njoo bamvua. Ndizo siku wavuvi wa pweza wanafika mwambani kwa miguu, na anayetoka asubuhi anauza mchana. Mwambie mwenye nyumba mapema akuwekee, apikwe kwa tui. Pweza mbichi hataki haraka jikoni.