Magugu ya bustani ya mboga: anza kabla hujapanda

Nalima mchicha, chainizi na nyanya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na sipulizi dawa ya magugu. Kazi kubwa naimaliza kabla mbegu haijaingia ardhini.

Andaa tuta kama kawaida, limwagilie, liache siku 10 hadi 14. Magugu yataota kama zulia. Siku ya jua kali, yaparue asubuhi juu juu, sentimita 2 tu, yakauke papo hapo. Usilime tena! Ukigeuza udongo unaziamsha mbegu zilizolala chini. Sasa panda mchicha kwa mistari, sentimita 20 kutoka mstari hadi mstari. Mchicha wa kumwaga utaupalilia kwa vidole mpaka kiuno kikuume.

Nyanya zikishika, tandaza nyasi kavu, unene wa vidole vinne, zisiguse shina. Nyasi hizo zikatwe kabla hazijatoa mbegu.

Ndago, gugu linalofanana na nyasi, ni habari nyingine. Ing'oe moja polepole udongo ukiwa na unyevu: utaona uzi mwembamba, kwenye uzi kijiazi cheusi kama punje ya harage, kisha uzi tena, na kijiazi kingine. Jembe likikata uzi huo, kila kijiazi kinaota peke yake. Mimi natumia jembe uma, nafuata uzi hadi mwisho, vijiazi navianika juu ya bati. Kwenye mboji sivitii kamwe. Majani mapya yakichomoza, rudia mara moja, maana hayo ndiyo yanayolisha vijiazi vilivyobaki chini.