Anza na magoti: namna ya kula kiinua mgongo chako

Nimekuwa bwana shamba Tandahimba miaka 34. Nimewapigia wakulima kelele za salfa, dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, nimeendesha pikipiki ya ofisi kwenye mchanga hadi magoti yakawa yanalia kama bawaba za mlango wa ghala. Mwishoni mwa 2022 nikatimiza miaka 60, nikastaafu, nikarudi kwetu Mikindani. Kikokotoo kipya cha mafao ya kustaafu kilikuwa kimeanza Julai mwaka ule: wakati huo asilimia 33 ulipewa kwa mkupuo, iliyobaki ikaja kidogo kidogo kila mwezi kama pensheni. Wengi tulinung'unika. Siku hizi nasema afadhali, maana huo mkupuo wenyewe nusura uniishie mikononi huku nautazama.

Kiasi sisemi. Nawe ukipata chako usiseme.

Haya naandika kwa mstaafu mwenzangu ambaye pesa imeingia jana au itaingia mwezi ujao, na tayari ameshamwita fundi amchoree nyumba ya vyumba sita. Ngoja kwanza.

Miezi mitatu usiguse

Ifungie benki kwenye akaunti ya muda maalumu, hata miezi mitatu tu. Faida yake ni ndogo, lakini unapata jibu la kweli la kuwapa watu: "Pesa imefungwa." Mimi sikufanya hivyo. Wiki ya tatu mpwa wangu akabisha hodi. "Shikamoo mjomba. Nimekuja na wazo."

Kwetu Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama. Mtoto wa dada yako ana neno kwako pengine kuliko mwanao wa kumzaa, na "mjomba" likitamkwa taratibu namna ile, mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Wazo lilikuwa bajaji. Tukakubaliana hesabu ya shilingi 15,000 kwa siku. Wiki mbili akaleta. Wiki ya tatu tairi likapasuka, ya nne ikawa mvua, ya tano injini "inakula oili". Sasa hivi bajaji ipo nyuma ya nyumba ya dada yangu, kuku wanatagia kiti cha abiria. Mayai sijaletewa.

Kwa hiyo miezi mitatu. Na katika muda huo, usimwachie mtu yeyote kadi yako ya benki na namba ya siri eti akukopeshe leo, akate mwisho wa mwezi. Atakayekupigia simu kusema faili lako limekwama, utume kidogo alisogeze, kata simu, uende ofisini kwa miguu yako.

Mafungu

Pensheni ya mwezi kwangu ni ya chakula, umeme na maji, basi. Nina ekari tatu za mikorosho. Korosho zikishapigwa mnada na pesa ikaingia, inarudi shambani kwanza: palizi, kupuliza, vibarua. Inayobaki ndiyo ya ukoo, yaani ada, misiba na unyago.

Mkupuo, ule ulionusurika na bajaji, niliugawa mara tatu. Fungu kubwa nikalipeleka UTT, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wa Ukwasi. Ukiuza vipande, yaani sehemu yako ya mfuko, pesa inarudi baada ya siku chache, ambazo si nyingi ukiwa na mgonjwa, ila zinatosha kabisa kumpoza mtu aliyekuja na wazo usiku. Hilo ni la maradhi na uzee wenyewe. Kadi ya bima ya afya ya NHIF inaendelea kwa mstaafu na mwenza wake. Hakikisha majina na picha viko sawa kabla hujaaga ofisini, maana ukishaaga hata mlinzi hakukumbuki.

La pili likaingia kwenye nyumba, lakini sikuongeza hata chumba kimoja. Watoto wako Dar na Masasi, hivyo vyumba sita atalala nani, popo? Niliweka choo cha kukaa, vyuma vya kushikia ukutani, na godoro zuri. Choo cha kukaa ndiyo raha ya kwanza niliyoinunua, na sioni haya kuitaja.

La tatu, milioni 6, ni la raha tupu. Nililigawa kwa miaka 6, kila mwaka milioni moja, mpaka nifike 66. Sheria yake ni kwamba ya mwaka huu haivuki kwenda mwaka ujao. Isipoisha, mama watoto anakabidhiwa salio tarehe 31 Desemba, afanye apendavyo. Mwaka wa kwanza nilijibana kwa mazoea ya utumishi, akapata 340,000, akanunua doti za kanga na kabati. Tangu hapo salio halionekani.

Kwa nini miaka 6 tu? Kwa sababu raha nimezipanga kwa viungo vya mwili. Magoti ndiyo yanayoaga mapema, kisha meno, kisha macho. Masikio na ulimi vinabaki barazani vikipiga soga hadi siku ya mwisho. Basi kila kinachohitaji magoti kifanye sasa, na kinachohitaji masikio tu kisubiri.

Kabla ya kuondoka, ita kikao

Usisafiri kimyakimya, ukoo utasema umefichwa na mke. Pika pilau, waite wapwa wote, na dada yako mkubwa awepo. Ukimwambia mpwa akiwa peke yake, kesho atarudi na mama yake. Mimi nilisema maneno machache: ada ya shule nasaidia, mara moja kwa mwaka, baada ya korosho, mtaji sitoi tena, na kuna pesa yangu na mke wangu ambayo haina mjadala.

Wakatazamana. Dada yangu alikula, akanawa, ndipo akasema, "Basi na mimi unichukue huko mnakokwenda."

Nikamchukua. Alikuwa na miaka 68, Kilwa Kisiwani akiisikia tu.

Kilwa kwa mwendo wa wazee

Panda basi la asubuhi Mtwara, shuka Nangurukuru njia panda, chukua gari dogo hadi Kilwa Masoko. Usijaribu kuunganisha kisiwani siku hiyohiyo, mgongo utakushitaki. Lala, kula samaki, asubuhi ukachukue kibali na mtembezaji, kisha mashua. Muulize mwenye mashua habari ya maji kabla ya kupatana bei. Maji yakiwa yametoka, chombo hakifiki ufukweni, utateremka mbali na kukanyaga mwani na mawe. Vaa viatu vya kamba, si kandambili. Dada yangu alibebwa mgongoni na baharia, akicheka njia nzima, na mpaka leo hiyo ndiyo sehemu anayoisimulia.

Magofu ya karibu, Gereza (yaani ngome ya zamani) na Msikiti Mkuu, hayana shida. Kuna vivuli vya kukaa. Kwenda Husuni Kubwa ndiko magoti yanakotakiwa. Nenda kabla jua halijawa kali, na kila mtu na chupa yake ya maji. Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14, juu ya mwamba unaotazama bahari, lina hadi bwawa la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, enzi za sultani huyohuyo. Mtembezaji akatueleza kwamba jumba lilihamwa kabla halijakamilika. Dada yangu alisimama akazitazama kuta kwa muda, akasema, "Kumbe na huyu naye aliishia kwenye lenta."

Siku tatu, watu watatu, nauli, malazi, mashua, kibali na chakula: 410,000.

Ukiwa na kidogo kuliko hapo, nenda Newala, Shimo la Mungu. Unasimama ukingoni mwa uwanda, bonde lote la Ruvuma liko chini yako, na unarudi siku hiyohiyo. Usisogee sana pembeni ukiwa na presha.

Meno, macho na yaliyobaki

Meno sina mengi ya kusema. Niliweka mawili ya bandia kwa pesa ya raha, si ya maradhi. Mama watoto akauliza ni raha gani hiyo. Nikamwambia, je, pweza nani atamtafuna? Na ming'oko, ile mizizi yetu ya porini? Msimu wa ming'oko ukifika, yenye chumvi na pilipili, utanielewa. Kwa macho nilinunua miwani ya kusomea, miwili, kwa sababu mmoja huwa umekaliwa.

Masikio na ulimi ni rahisi lakini vina gharama yake, ukipuuza vitakula fungu lote. Nina wenzangu wanne wa bao hapa jirani. Kahawa na kashata nalipa mimi, 1,000 kwa siku, siku tano za wiki. Kwa mwaka ni 260,000, zaidi ya robo ya fungu. Niliwahi kutaka kuifuta nilipoona hesabu hiyo kwenye daftari. Nikakaa ndani siku mbili, nikaanza kumfundisha mama watoto namna ya kupanga sufuria. Siku ya tatu alinipa elfu moja yeye mwenyewe, akanionyesha mlango.

Mwaka huu ni zamu ya ndege. Barabara ya Dar naijua tangu tukilala njiani masika, tukisubiri kivuko cha Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003. Ndege ni kama saa moja tu. Kata tiketi mapema, bei hupanda tarehe zikikaribia. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Dawa ziweke kwenye mkoba wa mkononi, zisiende na begi. Kama ngazi ni shida, sema siku ya kukata tiketi, usingoje uwanjani. Na ukielekea Dar, omba kiti cha dirishani upande wa kulia, ndiko bahari iliko. Mama watoto ameshakidai hicho. Mimi nitachungulia begani kwake.