Kupiga kambi Sibiloi ukitokea Nairobi: mahali pa kulala, masharti, na jinsi ya kufunga tenti isiende na upepo

Watu wengi hapa Nairobi wakisikia kupiga kambi wanafikiria Naivasha, kuna choo, kuna duka, ukisahau chumvi unatuma mtu wa boda. Mbuga ya taifa ya Sibiloi ni mambo mengine kabisa. Iko mashariki mwa Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, kilomita za mraba 1,570 za jangwa na mawe na nyasi kavu, na kutoka hapa ni karibu kilomita 800, kwa hivyo weka siku tatu za kwenda tu. Mimi hupeleka vikundi huko na kitu huwa nawaambia kabla hata ya bei ni kwamba safari hii inafaulu ama kuharibika hapa hapa Nairobi, kwa vile utapakia.

Hatua ya 1: Msimu na njia

Epuka Aprili, Mei na Novemba. Lami inakufikisha vizuri mpaka Marsabit, unapita Nanyuki, Isiolo, Laisamis, unalala Marsabit, halafu kesho yake unashika Maikona, Kalacha na North Horr. Hapo unapita Chalbi, na Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani sana, kukiwa kavu unateleza poa, kukinyesha inageuka tope la chumvi, gari inazama na hakuna trekta karibu. Kuna njia nyingine ya Maralal, Baragoi, South Horr na Loiyangalani, ni maridadi kuangalia lakini mawe yake yanakula tairi, kwa mara ya kwanza mimi nakushauri ya Marsabit.

Ukifika Marsabit usiondoke bila kupitia ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, na polisi kuuliza hali ya usalama wiki hiyo. Wakisema ngojeni, ngojeni. Wakisema mbebe askari, mbebeni. Waachie pia majina yenu na siku mnatarajia kurudi.

Hatua ya 2: Utalala wapi

Kwenye mbuga za KWS utasikia kambi ya umma na kambi maalum. Ya umma mnatumia na wengine. Maalum inakuwa yenu peke yenu, lazima ibukiwe mapema na kuna ada ya kubuki juu ya ile ya kawaida, na usidhani pesa zaidi ni starehe zaidi, mara nyingi unapata uwanja tu na mti.

Sibiloi kwenyewe chaguo ni hizi. Kuna kambi za KWS, hapo unajitegemea kila kitu. Kuna gesti ya KWS pale Alia Bay, kama mna mzee ama mtoto mdogo chukueni hiyo, upepo wa usiku si wa kumlaza mtoto kwa tenti. Halafu kuna Koobi Fora, banda za Makumbusho ya Taifa, hizo panga nao mapema ukiwa bado Nairobi. Kama mna usiku hata mmoja wa ziada lalani Koobi Fora jamani. Richard Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, na wenzake walianza kazi kule 1968, na 1972 Bernard Ngeneo wa kikosi chake akaona vipande vya lile fuvu la binadamu wa kale linaitwa 1470, la karibu miaka milioni 1.9. Mkenya kulala hapo na asubuhi kutembezwa na mtu anayejua ardhi ile, hiyo ni kitu kila mmoja wetu anafaa kupata.

Malipo ya KWS ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, usitegemee kulipa keshi getini. Kiingilio ni ada yake na kambi ni ada yake, zinahesabiwa kwa kila mtu kwa kila siku. Lipa kukiwa na netiwaki na uchapishe risiti. Na beba kitambulisho, bila hicho huwezi kudai bei ya mwananchi.

Hatua ya 3: Gari, mafuta, maji

Magari mawili, hata kama ni marafiki wanne tu. Spea mbili kila gari, jeki na ubao wa kuwekea jeki kwa sababu mchangani inazama, pampu ya tairi, koleo. Vipuri vya kawaida pitia Kirinyaga Road kabla ya safari, si siku ya safari. Jaza dizeli Marsabit hadi juu na ubebe ya ziada kwa mitungi ya chuma. Ukiingia mchanga mlaini punguza upepo wa tairi, ukirudi kwa mawe jaza tena, hii watu wanasahau na ndio pancha zinaanza.

Maji nahesabu lita 10 kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa, kupika na kunawa kidogo, halafu naongeza ya siku mbili za kukwama. Maji ya ziwa yana magadi, usiyategemee kwa kunywa. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hivyo beba mitungi ya lita 20 na kila mtu na chupa yake ya kudumu.

Hatua ya 4: Kufunga tenti

Hapa ndio kazi iko. Upepo wa Turkana unatoka kusini mashariki, na ule ule umewekewa mitambo 365 ya kuzalisha umeme upande wa Loiyangalani, sasa fikiria tenti yako. Unapiga sana usiku mpaka asubuhi, mchana unapungua, kwa hivyo wageni wanafika saa tisa kumetulia wanafunga ovyo, saa nne usiku wanashikilia nguzo kwa mikono.

Fanya hivi. Tenti iwe fupi, ya duara, zile ndefu za familia unazoweza kusimama ndani acha nyumbani, zinashika upepo kama tanga la mashua. Egesha gari ikiwa imekingama upande wa upepo, tenti ikae nyuma yake, mlango uangalie kaskazini magharibi. Vigingi vyembamba vinavyokuja na tenti havishiki mchangani, nunua magunia madogo Gikomba, mkifika jazeni mchanga, funga kamba kwa gunia halafu lizike. Kamba zote, hata zile unaona hazina maana. Na ingiza mizigo mizito ndani kabla hujainua nguzo, si baadaye.

Usifunge karibu na maji hata kama mandhari inakuita. Turkana ina mamba wengi sana, na viboko pia. Mimi sishuki chini ya mita 200 kutoka ufukweni, na kuogelea hakuna. Viatu vikung'ute asubuhi, kuna nge na nyoka.

Hatua ya 5: Masharti

Kambi ni pale palipotengwa tu. Usitoke nje ya barabara, alama za tairi jangwani zinakaa miaka. Mwendo usipite 40 kwa saa. Droni bila kibali, hapana. Usikate mti, pikieni gesi na mkinge jiko kwa mabati.

Na mawe. Kuna msitu wa miti iliyogeuka mawe, na mifupa ya kale iliyogeuka mawe, mingine iko juu juu ya ardhi, unaiona ukitembea. Usiokote hata kipande, usikisogeze hata kwa picha, kwa sababu wataalamu wanasoma kitu hicho pamoja na mahali kilipolala, kikihamishwa hadithi yake imekatika. Kuchukua ni kosa chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Ukiona kitu cha ajabu piga picha, shika namba za GPS, mwambie askari.

Njiani utakutana na Wagabra na Wadaasanach na mifugo yao. Simama, salimia wazee, uliza kabla ya kutoa simu kupiga picha, na usioshe kitu kisimani kwao.

Hatua ya 6: Kuondoka

Anzeni kufungua asubuhi mkianza na magunia ya upande usio na upepo, ya upande wa upepo mwisho. Mchanga mwageni, magunia yarudi kwa gari pamoja na takataka zote mpaka Marsabit, halafu pitieni tena KWS muwaambie mmetoka, wasije wakatuma watu kuwatafuta.