Skonzi za Boga Zenye Viungo
Ugumu wa kutengeneza skonzi hizi uko kwenye boga, kwani likibaki na maji, donge litanata na utashawishika kuongeza unga hadi ziwe ngumu. Kwa hiyo lipike kwa mvuke, liponde, kisha likaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo mpaka mwiko uache njia isiyofunga upesi, na lipoe kabisa. Changanya gramu 250 za unga wa ngano, vijiko 3 vya chai vya bekingi poda, gramu 50 za sukari, chumvi, mdalasini, tangawizi na karafuu kidogo sana, ambayo ikizidi humeza ladha nyingine zote. Fikicha humo gramu 80 za siagi baridi, tia gramu 120 za boga na maziwa kiasi cha kushikanisha donge bila kulikanda, likate vipande vyenye unene wa sentimita 3, uoke kwa nyuzijoto 200 za Selsiasi kwa takriban dakika 15.