Somo: Kutafuta asteroidi ukiwa Dodoma, kuanzia picha nne hadi jina

Wadau, habari za jioni. Wengi mnauliza kama ni kweli mtu aliyeko Dodoma, asiye na darubini, anaweza kugundua asteroidi, yaani jiwe kubwa linalolizunguka Jua. Ni kweli, na ni bure. Ila kuiona ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kujua inakokwenda.

Hatua ya 1: Jisajilini kama timu. Mpango unaitwa International Astronomical Search Collaboration, kwa kifupi IASC. Mnapangiwa tarehe za kampeni na kutumiwa picha za darubini ya Pan-STARRS iliyoko Hawaii.

Hatua ya 2: Kompyuta. Iwe ya Windows, muweke programu ya Astrometrica. Pakueni picha mapema, msisubiri siku umeme unasumbua.

Hatua ya 3: Chezesha picha. Hapa ndipo penye uhondo. Unafungua picha nne za eneo moja la anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika kadhaa. Programu inazilinganisha kwa kutumia nyota, kisha inazionyesha moja baada ya nyingine, haraka haraka. Nyota zinatulia. Ukiona kidoa cha kijivu kinaruka, usishangilie bado. Je, kipo kwenye picha zote nne? Kinakwenda kwa mstari ulionyooka, hatua zinalingana? Mwanga wake haupandi na kushuka ovyo? Kidoa cha picha moja tu ni uchafu wa kamera, na vipo vingi mno. Pia programu inaweka alama kwenye asteroidi zinazojulikana tayari. Mnachotafuta ni kile kisicho na alama. Wanafunzi wengi wanatazama katikati ya picha tu, pekueni kona.

Hatua ya 4: Ripoti. IASC wanaikagua na kuipeleka Minor Planet Center, kituo kinachosajili asteroidi zote, kilichoko Cambridge, Massachusetts, Marekani. Ikithibitika kuwa ni mpya, inapewa utambulisho wa muda. Chukua 2024 YR4, ile iliyotikisa habari mapema 2025 kwamba ingeweza kuigonga Dunia mwaka 2032 (hofu hiyo ilishaondolewa). Hiyo si ya ukanda mkuu (kundi kubwa la asteroidi kati ya Mirihi na Mshtarii), lakini kanuni ni ile ile. 2024 ni mwaka. Y ni nusu ya pili ya Desemba, maana kila nusu mwezi ina herufi yake na I inarukwa. R ni herufi ya 17, na 4 inaonyesha kuwa herufi zote 25 zimeshazungushwa mara nne. Kwa hiyo ni ya 117 katika nusu mwezi huo.

Hatua ya 5: Subirini. Miaka, si wiki. Mwanaastronomia Giuseppe Piazzi aliiona Ceres, asteroidi ya kwanza kugunduliwa, kutoka Palermo, Italia, tarehe 1 Januari 1801, akaifuatilia hadi Februari, kisha ikapotelea kwenye mwanga wa Jua. Kijana Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati Mjerumani, ndiye aliyekokotoa njia yake kwa vipimo vile vichache, na mwisho wa mwaka ikapatikana tena. Mpaka leo namba ya kudumu haitolewi kabla njia haijajulikana vizuri, na kwa kawaida asteroidi huwa imeshapimwa katika misimu minne tofauti Dunia inapopita kati yake na Jua.

Hatua ya 6: Jina. Namba ikishatoka, mgunduzi ana miaka 10 ya kupendekeza jina. Lisizidi herufi 16, litamkike, lisitukane mtu, lisifanane na lililopo. Kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ndiyo inayoamua.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kondoa:* Mwalimu, shikamoo. Huku usiku ni giza totoro. Hakuna hata moja ya kuona kwa macho?
— Marahaba. Ipo Vesta, iliyogunduliwa 1807. Ikiwa karibu na Dunia huonekana kwa shida bila kifaa, ukijua pa kutazama. Ceres inahitaji darubini ndogo ya macho mawili.

*Mpwapwa:* Tukipata yetu, tunaweza kumpa mbunge?
— Hapana. Mwanasiasa au mwanajeshi lazima awe amefariki miaka 100 iliyopita. Piazzi mwenyewe aliongeza "Ferdinandea" kwenye jina la Ceres kumsifu mfalme wake, wenzake wakalitupa.

*Kizota:* Na Zabibu je?
— Tunda halina siasa. Jina la kampuni ya mvinyo ndilo litakalokataliwa. Angalia kwanza orodha kama halijachukuliwa.

*Manyoni:* Kuna yenye jina la kwetu?
— Ipo 1427 Ruvuma, kwa ajili ya mto. Cyril Jackson aliigundua Johannesburg mwaka 1937. Majirani wana 1278 Kenya, 1279 Uganda na 1428 Mombasa, zote za mtu huyo huyo.

*Chamwino:* Kuna watu wanauza majina ya nyota mtandaoni. Ni wale wale?
— Sio. Jina la asteroidi haliuzwi, na mgunduzi halipwi hata senti.

*Kongwa:* Shule yetu ina kompyuta moja tu, Mwalimu.
— Inatosha. Mmoja ashike kipanya, wengine wagawane kona za picha.