Kuijaribu Ubuntu ya Beta Kabla Haijatoka Rasmi

Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta, hutoa toleo jipya kila Aprili na Oktoba, na wiki chache kabla ya hapo hutolewa beta, yaani toleo la majaribio, ambayo kazi yake ni kutafutiwa kasoro, si kutunzia hesabu za duka. Kwa hiyo tumia kompyuta ya akiba, au ile ambayo mafaili yake umekwisha kuyanakili kwingine.

Faili la usakinishaji ni zito, gigabaiti kadhaa. Sisi wa Ngamiani, Tanga, hulipakua usiku kwa bando la usiku. Likishafika, hakikisha halikuharibika njiani: andika sha256sum na jina la faili kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri), kisha linganisha herufi na tarakimu zinazotokea na zile zilizo katika faili la SHA256SUMS, lililo pale pale ulipopakulia. Ikitofautiana hata moja, pakua upya.

Liandike faili hilo la usakinishaji kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo, na ujaribu kwanza bila kusakinisha: waifai, sauti, printa, na hasa kuifunika laptopu ilale kisha kuiamsha, maana hapo ndipo viendeshi (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) vingi huumbuka.

Ukiona kasoro, andika kwenye teminali ubuntu-bug na jina la programu yenye kasoro, kisha eleza ulichofanya, ulichotarajia na kilichotokea. "Haifanyi kazi" peke yake haimsaidii mtengenezaji.